Orodha Nyuma ya Risiti ya Chai

Aliiandika Tukuyu, mvua ikigonga bati,
nyuma ya risiti ya kilo arobaini na mbili za majani mabichi:
moja, Mnara wa Saa. Mbili, yule Askari.
Tatu, kivuko, kwenda na kurudi. Nne, mto Msimbazi.

"Mto wa nini," nikamuuliza, "nasi tunao Kiwira,
unapita chini ya Daraja la Mungu bure?"
Akasema, "Kila masika redio inautaja.
Mtu akitajwa hivyo miaka thelathini,
huendi kumjulia hali?"

Fungate yetu ilipaswa kuwa hii.
Mwaka ule pesa ikawa mabati, mabati yakawa paa,
chini ya paa wakazaliwa watano,
na Dar ikabaki picha kwenye kalenda ya benki, mwezi wa Agosti.
Mwaka ukaisha. Agosti haikubanduliwa.

Basi leo, saa moja asubuhi,
jua limeshanikalia begani kama mtoto wa jirani
na Ambakisye amevaa koti.
"Vua."
"Mjini watu huvaa."
Kwenye mnara akainua kichwa, akatazama mkono wake,
akasogeza mshale mbele dakika nne, kwa heshima.

Kwa Askari alisimama wima, miguu pamoja.
Babu yake alibeba mizigo katika vita ile;
aliondoka na kitoma cha maji, hakurudi,
wala hakuna jiwe lenye jina lake.
"Huenda amefanana naye," akasema.
Nikatazama shaba ile, taya, buti, ncha ya bunduki.
Sikuona kufanana. Nikasema ndiyo.
Kijana mmoja akatupiga picha kwa simu yetu:
Askari amekatwa kiunoni,
koti limetoka lote.

Kivuko kilichukua muda wa kumenya ndizi za mchana.
Kigamboni tukashuka, tukala muhogo wa pilipili tumesimama,
tukapanda tena.
Orodha ilisema kwenda na kurudi.
Haikusema kuangalia.

Halafu tukapotea. Mtaa wa Jamhuri
ulitutapika, ukatumeza, ukatutapika tena,
viatu vyangu vipya vikawa adui wawili,
na mbele ya duka la miwani nikamwambia maneno
ambayo sikumwambia hata mwaka ule alipouza ng'ombe bila kuniuliza.
Akanyamaza. Akainama pale pale, katikati ya watu,
akanifungua kamba za viatu.
Nikaendelea kwa kandambili za elfu tatu.

Jangwani tulifika jua limelegea.
Darajani akachungulia upande huu, akavuka, akachungulia ule.
"Huu ndio?"
Uzi wa maji ya kahawia, chupa za plastiki,
tairi, kunguru wakigombea kitu nisichotaka kukijua.
Kwa Kiwira huu ungekuwa mjukuu, tena wa kuugua.
Nikacheka. Nilicheka hadi nikashika ukingo,
uchovu wote ukanitokea puani.

Mtoto aliyekuwa akimwagilia mchicha akatusikia.
"Msiuone hivi, mama," akasema.
"Aprili ulilala kitandani kwetu.
Sisi tulilala juu ya kabati."
Alisema *ulilala* kama anavyosemwa mgeni
asiyeweza kufukuzwa.

Kicheko kikanikauka.
Ambakisye akavua koti, mara ya kwanza tangu alfajiri,
akalikunja mkononi kama tufanyavyo msibani,
akatoa salamu ya kwetu: "Ugonile."
Maana yake, umelala?
Sijui aliusalimu mto au mtoto.
Mtoto ndiye aliyeitika. "Poa, babu."

Usiku, gesti ya Magomeni, feni inakohoa.
Miguu yangu imo kwenye beseni.
Amefuta ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya nne ameiacha, peni ikining'inia juu yake,
kisha chini akaandika:
*tano, kesho, achague Tupokigwe.*

Nimechagua kulala hadi saa nne.